Maisha ya Champollion: mtu na lengo lake

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, sisi wanafunzi wa lugha tunajiwekea malengo. Mmoja anasema mwaka huu lazima ajue Kiingereza. Mwingine anasema ataandika kamusi ya lugha ya kwao. Wa tatu anaapa kwamba atamaliza kazi yake ya mwisho wa masomo kabla ya kikao cha kwanza cha mitihani. Ikifika Pasaka, madaftari yamebaki na kurasa tupu, na lengo limegeuka kuwa jambo ambalo mtu hapendi kuulizwa. Nimelifikiri jambo hili kwa muda mrefu, na sioni kwamba sababu yake ni uvivu peke yake. Mara nyingi tunautaja mwisho wa safari bila kutaja hatua ya kesho asubuhi.

Ndiyo maana nimependa kusimulia hapa maisha ya mtu mmoja wa kazi yetu hii ya lugha: Jean-François Champollion, Mfaransa aliyefaulu kusoma hieroglifu za Misri ya kale. Wengi wetu tumelisikia jina lake darasani katika sentensi moja tu, kwamba aliyafumbua maandishi hayo mwaka 1822. Sentensi hiyo ni ya kweli, lakini inaficha miaka 15 ya kazi ya kila siku, na miaka hiyo ndiyo inayonivuta mimi.

Champollion alizaliwa tarehe 23 Desemba 1790 katika mji mdogo wa Figeac, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Ufaransa ilikuwa katikati ya Mapinduzi yake, na mambo ya shule yalikuwa yamevurugika. Baba yake alikuwa muuza vitabu. Mtoto huyu alikuwa kitindamimba, na aliyemlea kimasomo hakuwa baba wala mama, alikuwa kaka yake mkubwa, Jacques-Joseph, aliyemzidi miaka 12. Kaka huyo alipenda sana elimu ya mambo ya kale, lakini ilimbidi kufanya kazi ili kupata riziki. Akaamua kwamba masomo ambayo yeye hakuweza kuyafuata kwa utulivu, mdogo wake atayafuata. Mwaka 1801 alimwita aende kuishi naye Grenoble. Nani kati yetu hajui habari ya namna hiyo? Katika familia nyingi za kwetu yuko mkubwa aliyeacha shule ili mdogo asome, na karo ya mdogo hutoka katika jasho lake.

Pale Grenoble kijana alianza kukusanya lugha. Kilatini na Kigiriki zilikuwa za shule. Kiebrania, Kiarabu na Kisiriaki aliziongeza mwenyewe, akiwa bado mtoto wa sekondari. Gavana wa eneo lile wakati ule alikuwa Joseph Fourier, mwanahisabati mashuhuri, ambaye alikuwa amekwenda Misri pamoja na jeshi la Napoléon. Inasimuliwa kwamba Fourier alimwonyesha mtoto yule vitu vyake vya Misri, na mtoto akaapa palepale kwamba siku moja atayasoma maandishi yake. Ni hadithi tamu, lakini watafiti wengi wanaitilia shaka, na mimi siihitaji. Kiapo cha mtoto mbele ya mtu mkubwa ni kitu chepesi. Kizito ni kile alichofanya baadaye.

Tukumbuke kwanza hali ya swali lenyewe. Mwaka 1799 askari wa Ufaransa walikuwa wamegundua jiwe huko Rashid, mji ambao Wazungu huuita Rosetta, karibu na mdomo wa mto Nile. Juu yake kulikuwa na tangazo moja la mwaka 196 kabla ya Kristo, limeandikwa kwa maandishi ya namna tatu: hieroglifu, demotiki, yaani mwandiko wa haraka wa Wamisri, na Kigiriki. Kigiriki kilisomeka. Wataalamu walidhani kwamba kwa kulinganisha tu, mengine yangefunguka upesi. Hayakufunguka. Silvestre de Sacy, bingwa wa Kiarabu mjini Paris, alijaribu mwaka 1802, akatambua majina machache katika demotiki, akaiacha kazi. Jiwe lenyewe lilikuwa limechukuliwa na Waingereza, likawekwa London. Kwa hiyo kijana wa Grenoble alijiwekea lengo ambalo walimu wa walimu wake walikuwa wamelishindwa, na kitu chenyewe hakikuwa hata katika nchi yake. Alikuwa na nakala tu.

Hapa ndipo ninapoona akili yake. Hakulikabili lengo kubwa moja kwa moja. Alijiuliza: Wamisri walioandika ishara zile walisema lugha gani? Akaamini, kama wachache wengine kabla yake, kwamba lugha hiyo haikufa kabisa. Ilibaki ndani ya Kikoptiki, lugha ya ibada ya Wakristo wa Misri, inayoandikwa kwa herufi za Kigiriki pamoja na chache za nyongeza. Basi, kabla ya kuzisoma ishara, ni lazima kuijua lugha. Lengo la mbali likazaa lengo la karibu: kujua Kikoptiki. Na kila jioni mtu anaweza kujipima amejifunza kiasi gani cha Kikoptiki, wakati hawezi kujipima amezifumbua hieroglifu kiasi gani.

Mwaka 1807, akiwa na miaka 16, alisoma mbele ya Akademi ya Grenoble insha kuhusu majina ya mahali ya Misri, kisha akaenda Paris. Huko alisoma kwa miaka miwili kwa de Sacy na walimu wengine wa lugha za Mashariki. Akaongeza Kiajemi. Lakini moyo wake ulikuwa katika Kikoptiki. Alijifunza kwa padri mmoja Mmisri aliyeishi Paris, akapekua maandiko ya Kikoptiki yaliyokuwa katika maktaba za mji ule, na akamwandikia kaka yake kwamba sasa anasema Kikoptiki peke yake na kutafsiri kwa lugha hiyo kila kinachomjia akilini. Fedha zilimpungukia daima. Kaka ndiye aliyetuma. Sisi tunaoishi kwa Kiswahili, Kifaransa, na Mashi au Kinande au Kiluba nyumbani tunaelewa maana ya kufikiri kwa lugha fulani. Lugha ikifika mahali pale ambapo hujaribu tena kuitafsiri, imekuwa yako. Champollion aliifikisha hapo lugha ambayo hakuna jirani hata mmoja aliyeweza kumjibu.

Mwaka 1809, akiwa hajatimiza miaka 19, alirudi Grenoble na kuteuliwa kufundisha historia ya kale. Baadhi ya wanafunzi wake walikuwa wenzake wa juzi. Mwaka 1814 akatoa kitabu cha majuzuu mawili juu ya Misri wakati wa Mafarao, kuhusu jiografia na majina ya miji. Mtu angeweza kusema kwamba amekwisha kufika: ana kazi, ana kitabu, ana jina. Yeye aliendelea kuandaa kamusi na sarufi ya Kikoptiki. Paris waliikataa kazi hiyo isichapishwe.

Kisha siasa ikamwangukia. Mwezi Machi 1815 Napoléon, akitoroka kisiwa cha Elba, alipita Grenoble, na ndugu wale wawili walikuwa upande wake. Napoléon aliposhindwa, wafuasi wa mfalme walikumbuka. Mwaka 1816 wote wawili walifukuzwa Grenoble na kuamriwa kukaa Figeac, mji wa utoto wao. Kazi ya chuo ilikuwa imekwisha potea. Hapo alipo mtu wa miaka 25, mwenye lugha kumi kichwani, hana darasa, hana mshahara, hana maktaba kubwa.

Nimesoma sehemu hii ya maisha yake zaidi ya mara moja, kwa sababu katika nchi yetu tunajua jinsi mwaka wa masomo unavyoweza kukatika katikati. Mgomo unaanza, au njia inafungwa, au risasi zinasikika, au mzazi anapoteza kazi, na malengo yote yaliyopangwa kwa tarehe yanaanguka pamoja na tarehe. Champollion alifanya nini? Figeac alisaidia kuanzisha shule ya kufundishana, ambayo wanafunzi waliotangulia huwafundisha wanaofuata, na aliporuhusiwa kurudi Grenoble mwaka 1817 akaifanya kazi hiyo huko pia. Akaoa mwaka 1818. Na aliendelea na Kikoptiki chake, kwa sababu Kikoptiki hakikuhitaji ruhusa ya gavana. Hilo ndilo jambo ninaloliona kubwa: sehemu ile ya lengo lake iliyokuwa mikononi mwake mwenyewe, hakuna aliyeweza kuifuta kazi. Tunapojiwekea malengo, ingefaa tutenganishe mambo haya mawili. Kupewa nafasi ya kuwa msaidizi chuoni kunategemea watu wengine. Kujua lugha, au kukusanya methali 300 za kijiji cha nyanya yako, kunakutegemea wewe, kwa sehemu kubwa.

Mwezi Julai 1821, baada ya misukosuko mingine ya siasa, aliondoka Grenoble akiwa mgonjwa na bila kazi, akaenda kuishi Paris nyumbani kwa kaka yake. Mwaka huohuo alikuwa ametoa kijitabu kidogo kuhusu mwandiko wa makuhani wa Misri. Humo alidai kwamba ishara za Wamisri zinaonyesha vitu na mawazo, wala hazionyeshi sauti. Wengi waliamini hivyo tangu zamani. Kama dai hilo lingekuwa kweli, basi Kikoptiki chake chote kisingemsaidia sana kusoma.

Baadaye akafanya jambo ambalo mwanafunzi yeyote wa mwaka wa kwanza angeweza kulifanya: alihesabu. Alihesabu maneno ya Kigiriki juu ya jiwe la Rosetta yanayolingana na sehemu ya hieroglifu iliyobaki, akapata 486. Akahesabu hieroglifu zenyewe, akapata 1,419. Ikiwa kila ishara ni neno au wazo moja, mbona ishara ni nyingi kuliko maneno karibu mara tatu? Hesabu haikuleta jibu, ila ilivunja dai lake mwenyewe. Naye hakulitetea. Yasemekana alizikusanya nakala za kile kijitabu zisiendelee kusambaa. Lengo lilibaki lilelile; njia ndiyo iliyobadilika. Mimi nimewaona watu, hata wenye shahada kubwa, wakifanya kinyume: wanaacha lengo ili kuokoa nadharia waliyokwisha itangaza.

Mwanzoni mwa 1822 alipata nakala ya maandishi ya mnara wa jiwe ambao Mwingereza William John Bankes aliutoa kisiwa cha Philae. Juu yake kulikuwa na majina mawili ndani ya mviringo mrefu ambao Wamisri waliuchora kuzunguka majina ya wafalme: Ptolemaio, na jina ambalo sehemu ya Kigiriki ilionyesha kuwa ni Kleopatra. Daktari Mwingereza Thomas Young alikuwa amekwisha tambua, miaka kadhaa kabla, jina la Ptolemaio juu ya jiwe la Rosetta na kukisia sauti za baadhi ya ishara zake. Champollion aliyaweka majina yale mawili sambamba. Ishara ya P, ishara ya O na ishara ya L zilikuwa katika majina yote mawili, kila moja mahali pake panapotakiwa. Ndani ya Kleopatra, ishara ya sita na ya tisa zilikuwa moja, na zote mbili ni A. Ishara ya T tu haikufanana, naye akaona kwamba sauti moja inaweza kuwa na ishara zaidi ya moja. Akaendelea na majina mengine ya Wagiriki na Warumi, akitoka kwa ishara anayoijua kwenda kwa asiyoijua, kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe.

Lakini hayo yalikuwa majina ya wageni. Young mwenyewe alidhani kwamba Wamisri walitumia sauti kwa majina ya kigeni tu. Mwezi Septemba 1822 Champollion alitazama michoro iliyotoka katika mahekalu ya kale zaidi, ya wakati ambapo hakukuwa na mfalme Mgiriki huko Misri. Katika mviringo mmoja aliona duara la jua, kisha ishara moja asiyoijua, kisha S mbili. Jua kwa Kikoptiki ni re. Re, kitu fulani, S, S. Ikiwa kile kitu fulani kina M ndani yake, jina ni Ramses. Katika mviringo wa pili aliona ndege wa mungu Thoth, kisha ishara ileile: Thutmose. Na ishara ile ililingana na neno la Kikoptiki la kuzaa. Hapo ndipo Kikoptiki cha usiku wa miaka 15 kilipolipa. Asingejua neno la jua na neno la kuzaa bila kuyatafuta katika vitabu, angeyapita majina yale kama wengine walivyoyapita. Familia yake ilisimulia kwamba alikimbia mpaka kazini kwa kaka yake, akamwambia amefaulu, akaanguka na kulala kitandani siku kadhaa. Tarehe 27 Septemba 1822 barua yake kwa Dacier, katibu wa Akademi ya Maandishi ya Kale, ilisomwa mjini Paris. Mwaka 1824 kitabu kamili kikaeleza mpango wote: ishara nyingine ni za sauti, nyingine ni za maana, na zote zinachanganyika hata ndani ya neno moja.

Si lazima tumfanye mtakatifu. Katika maandishi yake Young hakupewa sifa zote alizostahili, na ugomvi huo umeendelea kati ya Waingereza na Wafaransa hata baada ya wote wawili kufa. Alipopata hatimaye kwenda Misri, mwaka 1828 na 1829, pamoja na Mwitaliano Ippolito Rosellini, alipanda Nile hadi Wadi Halfa, akayasoma maandishi ukutani na kuiarifu Paris kwamba alfabeti yake haihitaji kubadilishwa. Mtu huyohuyo alimwandikia mtawala wa Misri, Muhammad Ali, akimsihi azilinde kazi za wazee wa kale, na mtu huyohuyo alikatisha kipande cha ukuta katika kaburi la mfalme Seti wa Kwanza, kikapelekwa makumbusho ya Louvre, ambako alikuwa mkuu wa sehemu ya Misri tangu 1826. Lengo zuri halimsafishi mtu. Sisi Waafrika tunaosoma habari zake tuna haki ya kuyashika yote mawili kwa mkono mmoja.

Hata hivyo, mlango aliofungua umetumiwa na Waafrika pia. Cheikh Anta Diop wa Senegal, na Théophile Obenga wa ng'ambo ya mto, Kongo-Brazzaville, walijifunza Kimisri cha kale ili kukilinganisha na lugha zetu. Mtu anaweza kukubali hitimisho lao au kulikataa. Wanaisimu wengi wanalijadili mpaka leo. Lakini mjadala huo usingewezekana kama maneno yale yangebaki picha.

Mwaka 1831 Collège de France ilimpa kiti cha ualimu kilichoundwa kwa ajili yake. Alifundisha masomo machache tu, ugonjwa ukamkatiza. Sarufi ya Kimisri ilikuwa haijachapishwa. Aliiweka sawa akiwa kitandani, akamkabidhi kaka yake. Alikufa tarehe 4 Machi 1832, akiwa na miaka 41, na amezikwa Paris katika makaburi ya Père-Lachaise. Jacques-Joseph, aliyemfundisha na kumlipia, ndiye aliyetoa sarufi hiyo kuanzia 1836, kisha kamusi katika miaka ya 1840.

Basi nikiulizwa aliyetimiza lengo lile ni nani, nitataja majina mawili. Na nikiulizwa na rafiki zangu wa darasani, wanaoandika malengo yao katika ukurasa wa kwanza wa daftari, niseme nini, nitawaomba waongeze mistari miwili chini yake. Mstari wa kwanza: Kikoptiki changu ni kipi, yaani kitu gani ninachoweza kujifunza usiku huu hata kama chuo kimefungwa? Mstari wa pili: nikishindwa kumaliza, daftari langu litakuwa katika hali gani, na nani ataweza kuliendeleza? Champollion alipokufa, aliyepokea kurasa zake aliweza kuzisoma. Kazi zetu nyingi hapa fakulteni zinalala kabatini kwa sababu hatuandiki kwa ajili ya atakayefuata. Mdogo wako anayeingia mwaka wa kwanza huenda ndiye atakayeimaliza kamusi yako. Mwachie mwandiko unaosomeka.